Hathor, Mungu Aliyetulizwa kwa Ngoma

Katika sanaa ya Misri ya kale karibu kila mtu amechorwa kwa ubavu. Uso umeelekea kulia au kushoto, jicho moja tu ndilo linaloonekana, na hata Firauni anapoinua rungu kuwapiga maadui zake hana habari na anayemtazama. Hathor ni miongoni mwa wachache waliovunja desturi hiyo. Juu ya nguzo za hekalu lake la Dendera, kwenye vipini vya vioo vya shaba, kwenye ala za ibada na kwenye hirizi ndogo za kuvaliwa shingoni, yeye anatazama mbele moja kwa moja, uso wa mwanamke mwenye masikio ya ng'ombe na nywele nzito zilizojikunja ncha zake. Aliyesimama mbele yake alijua kwamba naye anatazamwa, na nadhani mtu akianza na jambo hilo hatashangazwa sana na mengine yanayofuata.

Katika vitabu vya watalii na kurasa za mtandao anatajwa kwa maneno machache: mungu wa kike wa mapenzi, muziki na urembo. Maneno hayo si ya uongo, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito. Wengi wetu tuliozaliwa Tanga tuliijua Misri ya kale kwanza chuoni, katika kisa cha Nabii Musa na Firauni, kisha tukaijua Misri nyingine, ile ya redio na sinema, ambayo muziki wake uliletwa Zanzibar tangu enzi za Sultan Barghash na baadaye vyama vya taarab vya mji wetu, Black Star na Lucky Star, vikaugeuza kuwa mali yao kwa gitaa la umeme na besi. Hathor yuko katika Misri ambayo hatukusimuliwa na yeyote kati ya hao. Mimi si mtaalamu wa mambo ya kale, ni mzaliwa wa Ngamiani tu niliyependa historia shuleni na kuendelea kuisoma baada ya mitihani kwisha, na dini yangu hainipi ruhusa ya kuwa na mungu zaidi ya mmoja. Ninachokitafuta kwake ni namna watu wale walivyofikiri, na kila nisomapo juu yake nazidi kuamini kwamba Wamisri waliihesabu furaha kuwa kazi, tena kazi ya lazima yenye zamu, mafunzo na kalenda, kwa sababu waliamini kwamba nyuma yake iko ghadhabu inayoweza kuumaliza ulimwengu.

Ukale wake ni mkubwa. Nyuso za ng'ombe zenye sura ya binadamu zimechongwa juu ya bamba la mawe la mfalme Narmer, la mnamo mwaka 3100 K.K., ingawa wataalamu wengi wanaona kuwa hizo ni za Bat, mungu mwingine mwenye umbo la ng'ombe ambaye baadaye alimezwa na Hathor. Ilipofika Nasaba ya Nne, mnamo mwaka 2500 K.K., hapana shaka tena: mfalme Menkaure, mwenye piramidi ndogo kati ya zile tatu za Giza, alichongewa sanamu zinazomwonyesha amesimama pamoja na Hathor mwenye pembe na duara la jua kichwani, kwa ukaribu ambao kwa macho ya leo mtu angedhani ni mke na mume. Firauni alihesabiwa kuwa Horus, mungu wa ufalme, aliye hai, na Hathor alikuwa mara mama yake Horus, mara mkewe, mara binti wa Ra, mungu wa jua, na mara jicho la Ra. Anayetaka ukoo ulionyooka atachoka mapema, kwani Wamisri hawakuona taabu yoyote katika kuyasema hayo yote kwa pamoja.

Kisa kinachomweleza kuliko vyote kimeandikwa katika makaburi ya wafalme, likiwamo la Seti wa Kwanza, na sehemu yake imo katika kibanda kilichopakwa dhahabu kilichokuwa kikilizunguka jeneza la Tutankhamun. Ra amezeeka. Mifupa yake imekuwa fedha, nyama yake dhahabu, nywele zake jiwe la buluu la thamani, na wanadamu walipoona hivyo wakaanza kumpangia njama. Ra akaita baraza la miungu kwa siri, ili wanadamu wasijue na kukimbia, na shauri lililotoka lilikuwa kwamba alitume Jicho lake, nalo likashuka kwa sura ya Hathor. Akawaua watu jangwani na akarudi akisema kwamba kazi ile imemfurahisha moyo. Katika kisa hichohicho ndipo linapotajwa jina la Sekhmet, simba jike, kana kwamba ni Hathor yuleyule aliyebadilika sura baada ya kuonja damu. Hapo Ra mwenyewe akaingiwa na hofu, akaona kwamba ikifika kesho hatabaki mtu.

Wala hakumtumia mungu mwingine wa kupigana naye. Aliagiza udongo mwekundu kutoka Elephantine, kusini kabisa mwa Misri, ukasagwa, na wakati huo vijakazi wakaponda shayiri ya kupikia pombe. Kisa kinasema mitungi ilikuwa 7,000. Naomba msomaji aisimamie hesabu hiyo kidogo, kwa kuwa aliyeitunga hadithi hii hakusahau kuwa ulimwengu uliokolewa na wanawake waliofanya kazi usiku kucha mbele ya mawe ya kusagia, na jambo hilo si la kawaida katika hadithi za miungu, ambamo kila kitu hutokea kwa neno la kinywa tu. Kabla ya alfajiri pombe ile nyekundu ilimwagwa mashambani hadi ikafika kimo cha viganja vitatu. Hathor akaja asubuhi kuendelea na mauaji, akakuta mashamba yamejaa kilichofanana na damu, akauona uso wake humo, nao ulikuwa mzuri. Akanywa, moyo wake ukatulia, akalewa hata asiwatambue tena watu aliokuja kuwaua.

Vioo vya shaba vyenye uso wa Hathor kwenye mpini vimepatikana kwa wingi makaburini. Kwa kawaida huelezwa kuwa ni ishara ya urembo, na bila shaka vilitumika kwa wanja na kusuka nywele kama vioo vyote. Lakini mwanamke aliyekijua kisa hiki, kila alipokishika kioo chake na kuuona uso wake juu ya uso wa Hathor, alikuwa na sababu ya kukumbuka kwamba mungu yule aliacha kuua alipojiona.

Mwisho wa kisa Ra anaamuru pombe itengenezwe kwa ajili yake katika sikukuu za kila mwaka, na sikukuu hizo zilifanywa kweli. Huko Karnak, katika eneo la hekalu la mungu wa kike Mut, wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakiongozwa na Betsy Bryan walizipata sehemu za ukumbi uliojengwa na malkia Hatshepsut, aliyetawala kama Firauni takriban kati ya mwaka 1479 na 1458 K.K., na ukumbi huo uliitwa ukumbi wa ulevi. Watu walikunywa hadi kulala, kisha wakaamshwa kwa ngoma ili wamwone mungu. Sikukuu iliangukia mwanzoni mwa mwaka wa Kimisri, Mto Nile unapofurika na maji yake kuwa mekundu kwa udongo wa nyanda za juu za Uhabeshi, na si ajabu kwamba wengi wameona uhusiano kati ya rangi ya mto na rangi ya pombe ya Ra. Sitarajii msomaji wangu wa Tanga auone ulevi wa hekaluni kuwa jambo la kusifiwa, nami pia siusifu. Ninachosema ni kwamba ulikuwa na kanuni zake, na lengo lake halikuwa starehe ya mnywaji.

Hapo ndipo mtu wa Pwani anapoanza kukitambua kitu anachokijua. Nilikulia mtaa ambao kilinge hakikuwa mbali, na hata sisi tuliokatazwa kwenda tulisikia kila kitu kupitia ukutani. Katika kupunga pepo hakuna anayempiga pepo wala kumtukana. Fundi huanza na chetezo cha ubani na ngoma ya huyo pepo, kwa maana kila pepo ana yake, na pepo akishapanda huulizwa kwa adabu jina lake, kwao ni wapi na anataka nini. Akitaka kilemba hupewa kilemba, akitaka marashi na halua hupewa, na mwele hupona kwa sababu aliyemkalia amepewa heshima yake, akaridhika na akatulia. Pepo hafukuzwi moja kwa moja, hujengewa uhusiano, na ngoma hurudiwa akianza tena kusumbua. Masheikh wetu wana maneno makali juu ya mambo haya na wanayo haki ya kuyasema. Hata hivyo, aliyekulia karibu na kilinge hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini kiumbe mwenye hasira huendewa na uvumba na muziki. Tofauti nayo ni kubwa: kilinge ni cha mwele mmoja na jamaa zake, ilhali Misri kazi hiyo ilifanywa na dola, ndani ya majengo ya mawe, kwa ajili ya nchi nzima.

Ala kuu ya kazi hiyo iliitwa sistrumu na Warumi, na jina hilo ndilo lililoenea. Ni upinde wa shaba juu ya mpini wenye uso wa Hathor, wenye vijiti vilivyopitishwa ndani yake na, mara nyingi, visahani vinavyogongana ukitikiswa, hivyo sauti yake haiko mbali na ya kayamba ila ni kali na ya chuma. Wamisri waliisikia humo sauti ya mafunjo yanayotikisika vinamasini, mahali ambapo Hathor kwa umbo lake la ng'ombe huonyeshwa akijitokeza kati ya majani. Pamoja na sistrumu ulikuwapo mkufu mzito wa shanga wenye kishikizo kirefu cha kuning'inia mgongoni, uitwao menati, ambao ulivaliwa lakini pia ulishikwa na kutikiswa. Ukitaka kuona vilivyotumika, kisa cha Sinuhe, kilichotungwa wakati wa Ufalme wa Kati (takriban 2050 hadi 1650 K.K.), kinaonyesha wazi kabisa. Sinuhe ni mtu wa ikulu aliyetoroka Misri na kukaa ugenini miaka mingi, na anaporudi mzee, amevaa kama watu wa Asia, analala kifudifudi mbele ya Firauni Senusret wa Kwanza bila kujua kama atasalimika. Watoto wa kifalme wanaingia na menati na sistrumu zao, wanamtikisia mfalme huku wakilitaja jina la Yule wa Dhahabu, yaani Hathor, na kumwomba aulegeze upinde wake. Mfalme anasamehe. Hakuna wakili aliyesimama, na utetezi wote ulikuwa wimbo.

Ipo pia simulizi ya mungu aliyesusa. Jicho la Ra linakasirika, linakwenda zake Nubia, kusini, likiwa na umbo la simba, na Misri inabaki bila ulinzi na bila furaha mpaka Thoth, mungu wa maandishi na hekima, anapotumwa kulibembeleza kwa maneno na hadithi. Linaporudi, kila kituo njiani hulipokea kwa ngoma ili lisigeuke tena. Katika kisiwa cha Philae, mpakani mwa Nubia, hekalu dogo la Hathor lina michoro ya mapokezi hayo: Bes, yule kibete mwenye uso wa simba, anapiga ala, na nyani anapiga kinanda cha nyuzi. Napenda kufikiri kwamba aliyemchora nyani yule alikuwa akicheka mwenyewe.

Sistrumu yenyewe haikufa. Katika Kanisa la Othodoksi la Ethiopia hadi leo waimbaji hushika ala ya namna hiyohiyo wakati wa ibada, wamevaa mashuka meupe, wakisogea mbele na nyuma kwa mapigo ya ngoma kubwa.

Kazi hii ilikuwa mikononi mwa wanawake kwa muda mrefu. Wakati wa Ufalme wa Kale (takriban 2700 hadi 2200 K.K.) wanawake wengi wa tabaka la juu walikuwa na cheo cha kuhani wa Hathor, na cheo hicho wamekiandikisha makaburini mwao kwa fahari, kabla au baada ya kutaja waume zao. Baadaye, kadiri ukuhani ulivyozidi kuwa ajira ya wanaume ya kudumu, wanawake walibaki zaidi kama waimbaji na wachezaji wa hekalu, na mtu anaweza kusema waliteremshwa cheo. Mimi nakubaliana na neno hilo, ingawa baadhi ya waandishi wanalikwepa kwa kusema kwamba uimbaji nao ulikuwa heshima. Ulikuwa heshima, lakini aliyefungua mlango wa chumba cha ndani kabisa sasa alikuwa mwanamume. Hata hivyo uhusiano wa karibu haukukatika. Katika kijiji cha Deir el-Medina, walikokaa mafundi waliochimba makaburi ya wafalme, umepatikana mwili wa mwanamke mwenye tatuu nyingi ngozini, na miongoni mwa michoro hiyo wamo ng'ombe wa Hathor juu ya mikono yake na macho ya ulinzi shingoni. Kila alipoinua mikono kucheza au kuomba, ng'ombe wale walitembea naye.

Ng'ambo ya kilima kutoka kijiji hicho iko Deir el-Bahari, ambako watu wasio na cheo walipeleka nadhiri zao kwa Hathor: vitambaa vilivyochorwa, vinyago vya udongo vya wanawake na vya ng'ombe, shanga, vipande vyenye umbo la sikio ili mungu asikie. Wengi waliomba watoto, na wengine kujifungua salama. Anayeyajua mapango ya Amboni, kaskazini kidogo mwa mji wetu, anajua kwamba nako watu wamezoea kupeleka maombi ya aina hiyo mzimuni, na asiyezaa huwa wa kwanza kwenda. Waliamini pia kuwa Hathor saba hufika mtoto anapozaliwa na kutamka kifo chake kitakuwaje. Katika hadithi moja wanamtabiria mtoto wa mfalme kwamba atauawa na mamba, au nyoka, au mbwa, na baba yake anamjengea nyumba jangwani ili yasimfike. Karatasi ya mafunjo iliyobeba hadithi hiyo imekatika mwisho, kwa hiyo kijana yule bado hajafa.

Jambo lingine linalonivuta kwake, labda kwa sababu mji wetu ni bandari, ni kwamba Hathor alikwenda na waliokwenda mbali. Popote Wamisri walipotoka kutafuta kitu cha thamani, walimkuta huko au walimpeleka. Byblos, katika nchi ya Lebanon ya leo, walikonunua mbao za mwerezi, walimwona Bibi wa mji ule kuwa ni Hathor. Timna, katika machimbo ya shaba kusini mwa bonde la Araba, walimjengea madhabahu chini ya mwamba. Na katika Sinai, juu ya mlima wa Serabit el-Khadim, walijenga hekalu la Bibi wa Feruzi, lile jiwe la thamani la buluu-kijani, ambalo sehemu yake ya ndani imechongwa kwenye mwamba wenyewe, na wachimbaji waliopanda kule jua kali msimu baada ya msimu waliacha mawe ya kumshukuru, au ya kulalamika kwamba feruzi ya mwaka ule haikuwa na rangi.

Serabit el-Khadim ndipo Flinders Petrie, mchimbaji Mwingereza wa mambo ya kale, alipoyakuta mwaka 1905 maandishi yasiyo ya Kimisri, ya alama chache tu, na mwaka 1916 Alan Gardiner, mtaalamu wa maandishi ya Misri, akafanikiwa kuzisoma baadhi yake, zikiwamo zile zilizokwaruzwa kwenye sfinksi, yaani sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu, ndogo ya jiwe ambayo imeandikwa pia kwa Kimisri jina la Hathor wa Feruzi. Alama zile zilitamka cheo chake kwa lugha ya Kisemiti: Bibi. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya alfabeti yanayojulikana. Walioyaandika walikuwa watu wa lugha za Kisemiti waliofanya kazi machimboni pamoja na Wamisri, wakachukua picha ya kichwa cha fahali, ya nyumba na ya maji, na kuzifanya kila moja sauti moja. Kutoka kwenye mbegu ile zilikuja herufi za Kifoinike, na kwa njia mbili tofauti zikaja herufi za Kiarabu na za Kilatini, yaani hati zote mbili ambazo Kiswahili kimeandikwa, ile ya tenzi na barua za babu zetu na hii ninayoiandika sasa. Kati ya yote yaliyotendwa kwa jina la Hathor, hili la watu wa mgodini waliotaka tu kumwandikia kwa lugha yao ndilo ninalolihusudu.

Kusini walimwita Bibi wa Punt, nchi ya mbali walikoagiza manukato. Kwenye kuta za hekalu lake huko Deir el-Bahari, Hatshepsut alichora msafara aliotuma nchi hiyo: majahazi matano, miti ya manemane iliyobebwa na mizizi yake ndani ya vikapu, mpingo, pembe za ndovu, dhahabu, ngozi za chui, nyani wanaopanda kamba za majahazi, nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo, na mkuu wa Punt aliyeitwa Parahu pamoja na mkewe Ati. Manemane na ubani havikuwa manukato tu. Vilikuwa chakula cha miungu, na Hathor ndiye aliyemiliki nchi vilikotoka.

Juzi mtoto wa kaka yangu alinitumia picha ya mchoro huo kwenye simu.

"Shikamoo shangazi. Umeona? Punt ni hapa kwetu Tanga, wameandika."

"Marahaba, baba. Wameandika kina nani?"

Hakujibu hilo, alinitumia kicheko. Madai hayo yanazunguka sana, na naelewa utamu wake. Ila bandari ya Mersa Gawasis kwenye Bahari ya Shamu, ambako zimepatikana mbao na kamba za majahazi yaliyokwenda Punt, pamoja na uchunguzi uliofanywa kwenye miili ya nyani waliohifadhiwa Misri, vinaelekeza kwenye Pembe ya Afrika, pande za Eritrea, Ethiopia na jirani zake. Pwani yetu ina ukale wake wa kutosha, na magofu ya Tongoni hayahitaji kuazima malkia wa Misri ili yaheshimiwe. Vivyo hivyo siwezi kusema kwamba kilinge kilitoka Dendera. Watu wawili wakiona moto na wote wawili wakachukua maji, haina maana kwamba mmoja alimfundisha mwingine.

Safari ya mbali kuliko zote pia ilikuwa yake. Jua huzama magharibi, na magharibi ya mji wa Thebes ni mlima wa makaburi, hivyo alichorwa kama ng'ombe anayetoka ubavuni mwa mlima ule kumpokea maiti, kama alivyolipokea jua kila jioni. Picha ya namna hiyo inafunga mafunjo maarufu ya Ani, yaliyoko London. Katika karne za mwisho wanawake waliokufa waliandikwa kwa jina la Hathor kabla ya jina lao, badala ya kufananishwa na Osiris, mungu wa wafu, kama ilivyokuwa desturi kwa wanaume na wanawake hapo zamani, na nakiona kitendo hicho kuwa cha upole mkubwa kuliko maombi mengi marefu yaliyoandikwa na makuhani.

Dendera yenyewe, hekalu tunaloliona leo, ni jipya kwa hesabu za Misri. Ujenzi wake ulianza mwaka 54 K.K., siku za Ptolemy wa Kumi na Mbili, juu ya mahali palipokuwa na mahekalu ya zamani zaidi, na kwenye ukuta wa nyuma amechorwa binti yake, Cleopatra, pamoja na mwanawe Caesarion. Kila mwaka wakati wa kiangazi sanamu ya Hathor ilipakiwa mashua na kupandishwa Mto Nile zaidi ya kilomita 150 hadi Edfu kukutana na Horus, na sherehe ziliendelea kuanzia mwezi mwandamo hadi mwezi mpevu. Kufikia wakati huo Isis, mungu mwingine wa kike, alikuwa amekwishachukua pembe zake na duara lake la jua, kiasi kwamba mara nyingi jina lililoandikwa pembeni ndilo pekee linalotofautisha nani ni nani, nao Wagiriki walikuwa wakimwita Hathor kwa jina la Aphrodite wao. Baadaye, Wakristo wa mwanzo, kama inavyoaminika kwa kawaida, walipanda na patasi wakazichimba nyuso nyingi za juu ya nguzo. Jina lake lilibaki kwenye kalenda. Mwezi wa tatu wa kalenda ya Kikopti, ya Wakristo wa Misri, bado ni Hatur, unaoanza karibu na tarehe 10 Novemba, na wakulima wa Misri husema kwamba Hatur ni baba wa dhahabu iliyotawanywa, maana yake ngano inayopandwa wakati huo.

Darini mwa hekalu la Dendera kulikuwa na mchoro wa duara wa nyota na makundi yake. Mwaka 1821 Mfaransa mmoja aliyeitwa Lelorrain aliukata kwa misumeno na baruti, ukapelekwa Paris, na sasa uko katika makumbusho ya Louvre, wakati mgeni anayepanda dari la Dendera anaonyeshwa nakala ya plasta. Mwaka 2022 Zahi Hawass, mtaalamu wa mambo ya kale wa Misri, alianzisha kampeni ya saini kudai urudishwe pamoja na jiwe la Rosetta lililoko London, na mjadala huo si mgeni kwetu tunaozungumzia mifupa ya dinosaria ya Tendaguru iliyoko Berlin. Wako wanaosema kwamba Paris unaonwa na watu wengi zaidi. Lakini dari lile halikuchongwa ili lionwe na wengi. Lilikuwa sehemu ya jengo ambamo sanamu ya Hathor ilipandishwa juu siku ya mwaka mpya ili iguswe na jua, na mimi niko upande wa wanaotaka lirudi juu ya paa hilohilo.